Treni ya Ndizi kwenye Reli ya Shaba

Kivukoni hakuna kivuko tena. Jina limebaki, mto wa Kilombero umebaki, na watu wanaokula kwa mto wamebaki. Kilichoondoka ni pantoni. Nilifika pale saa nne za asubuhi, mwezi wa Juni, maji yakiwa yameanza kurudi mtoni baada ya masika na tope la ukingoni likipasuka nyufa kama kisigino cha mkulima. Juu ya kichwa changu lilipita daraja, mita 384, kutoka upande wa Ifakara hadi upande wa Ulanga. Lori la mpunga lilipita kuelekea mjini, maungio ya daraja yakalia du-du, du-du, kisha kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia pondo likichomwa majini. Mtumbwi ulikuwa unakuja taratibu, mwanamume mmoja amesimama nyuma, mwingine amechuchumaa mbele akipanga samaki kwenye tenga.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimekulia kwenye foleni ya pantoni ya kwenda Bweni, na najua mgonjwa anavyolazwa chini ya mti akisubiri chombo kirudi, najua wanafunzi wanavyofika shuleni wamechelewa na wasiulizwe kwa nini. Sasa kwetu nako nguzo za daraja zimesimama mtoni, mkandarasi ni wa China kama wa hapa, na kila nikienda nyumbani wazee wananiuliza itakuwaje. Ndiyo maana nilitaka kuiona Kivukoni. Hawa wametutangulia.

"Shikamoo babu," nilimwamkia mzee aliyekuwa akipokea samaki ukingoni.

"Marahaba mjukuu wangu. Unataka kambale au perege?"

Nilichukua perege wawili wa kukaanga, tukakaa juu ya gogo. Mzee ni Mndamba, kazaliwa hapahapa, na ameuona mto huu ukivukwa kwa mtumbwi wa mti mmoja, kisha kwa pantoni, na sasa kwa gari lisilopunguza hata mwendo. Alinitajia Januari 2016, pantoni ya MV Kilombero II ilipopinduka ikiwa na watu na magari. Hakutaka kuendelea. Alichambua mwiba, akautupa majini, akahamia habari nyingine.

"Mke wangu alikuwa anauza maandazi na samaki kwenye foleni," alisema. "Watoto wangu watatu wamesoma kwa foleni ile. Daraja lilipofunguliwa, foleni ikafa siku hiyohiyo. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Binti yangu mkubwa alijifungulia pale," akaonyesha kwa kidevu mahali penye matete, "usiku, pantoni iko ng'ambo. Mdogo wake amejifungulia hospitali ya St. Francis, kavuka kwa bodaboda. Sasa pima mwenyewe."

Sikuwa na la kupima. Nilimuuliza kuhusu Wachina waliolijenga daraja. Daraja hili ni kazi ya kampuni ya China Railway 15 Bureau Group, fedha ni za Serikali ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 60, na Rais Magufuli alilifungua Mei 2018. Sasa linaitwa kwa jina lake. Mzee alifikiri kwanza.

"Walikuwa hapa miaka. Wakajenga, wakaondoka. Kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini jina la hata mmoja wao silijui."

Neno hilo lilinirudisha Mang'ula, nilikopita siku mbili kabla.

Ukitoka Mikumi unashuka Kidatu, unaingia kwenye miwa, na kwa mwendo mrefu huoni kitu ila miwa. Halafu mlima unakusogelea. Mang'ula iko chini kabisa ya Udzungwa, mahali ambapo msitu unateremka hadi karibu na nyumba, na asubuhi ukungu unajikunja kwenye mabonde ya mlima kama moshi wa jiko uliokosa pa kutokea. Sisi wa pwani tumezoea upeo ulio mbali. Ukiinua macho unaona mpaka bahari inapokutana na mbingu. Pale ukiinua macho unakutana na ukuta wa kijani. Watalii huja kwa maporomoko ya Sanje. Mimi nilikuja kwa mtu mmoja niliyeelekezwa na rafiki, fundi mstaafu wa reli, mzee aliyepita miaka sabini, ambaye mwaka 1971 alikwenda kambini kwa Wachina kuomba kibarua.

Mang'ula ilikuwa kambi kubwa katika ujenzi wa Reli ya Uhuru, ile tunayoiita TAZARA. Vijana wa bonde hili walifika hapo wakiwa hawajui nati, wakatoka wamekuwa mafundi.

Fundi alinipokea barazani, akamtuma mjukuu wake ndani alete "kile kitu". Kililetwa kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kilikuwa spana, ya nati kubwa, urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi kiganja. Mdomo wake umelika mpaka kona zimekuwa mviringo. Kwenye mpini kuna herufi tatu za Kichina, moja imefutika nusu. Mahali pa kushika chuma kimekuwa cheusi kinachong'aa kwa mafuta ya viganja, na kuna kibonyeo kidogo upande mmoja. Nilipoishika, kidole gumba changu kiliteleza chenyewe hadi kwenye kile kibonyeo.

"Hapo ni dole lake kwanza," fundi alisema. "Kisha langu."

Alimaanisha mwalimu wake. Alilitaja jina lake, akalirudia polepole ili nilishike, na nimeliandika daftarini kama lilivyotoka mdomoni mwake. Zaidi ya miaka hamsini imepita na bado analitaja kwa heshima ya mtu anayemtaja mjomba.

"Hakuwa na Kiswahili, mimi sikuwa na Kichina. Alikuwa anafunga nati mbele yangu, anaifungua, ananipa spana. Nikikosea hasemi kitu. Anaifungua tena. Kuna siku tulishinda na nati moja mpaka jua likazama. Nilimchukia, nikuambie kweli. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa ananifundisha kufunga. Alikuwa ananifundisha kusikia. Nati ikikaza sawasawa, unaisikia mkononi."

Maneno ya Kichina aliyobaki nayo ni machache: *pengyou*, rafiki, *kuai, kuai*, haraka haraka. Hakunipambia habari. Jioni, alisema, Wachina walirudi kambini kwao na wao wakarudi kwao, na hakuna aliyemwalika mwenzake chakula. Lakini usiku mwingine shuka jeupe lilitandazwa kati ya miti na sinema ikaonyeshwa, na watu wa vijijini walikuja na watoto mgongoni kuangalia vita vya nchi wasiyoijua. Bustani za kambini zilimshangaza zaidi kuliko sinema. Ni huko alikoiona kwa mara ya kwanza mboga ya chainizi. Leo chainizi iko kila soko la Tanzania, kwa fungu, kando ya mchicha na figiri, na anayeinunua hana habari kwamba jina lake ni jina la watu.

Kwa nini walikuja? Kijana aliyezaliwa baada ya uhuru wa Zimbabwe anaweza kuuliza, na ni haki yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia kusini kwenda baharini, ikajikuta koo lake limeshikwa na watu wasioitakia mema. Ilihitaji njia ya Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli hiyo haina faida, na nchi za Magharibi hazikutoa fedha. Mwalimu Nyerere alikuwa Beijing Februari 1965; Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo; na tarehe 5 Septemba 1967 nchi tatu zikatia saini makubaliano. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Kumbuka kwamba mkopeshaji mwenyewe wakati huo alikuwa maskini, nchi ya wakulima wanaopewa nafaka kwa mgao. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Kazi ilipopamba moto, Wachina walikuwa kiasi cha 13,000, Watanzania na Wazambia kiasi cha 38,000. Julai 1976 reli ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hii, na waliofia huku Tanzania wamelala Gongo la Mboto. Xi Jinping alipokuja Machi 2013 alikwenda kwenye makaburi yao.

Nao walipata chao. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Beijing kiti chake, kwa kura nyingi za nchi za Afrika, na Balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele. Marekani haikusahau: mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu, walimzuia kwa kura ya turufu. Kila rafiki ana hesabu yake, na sioni aibu katika hilo maana sisi nasi tulikuwa na yetu. Jambo ninaloliheshimu ni kwamba hesabu zote mbili zilijulikana.

"Unajua mshahara wetu ulitoka wapi?" fundi aliniuliza. "Dukani."

Ndivyo ilivyokuwa. China haikuwa na fedha za kigeni za kumwaga, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa bidhaa. Meli zilileta vitambaa, sufuria, tochi, baiskeli. Bidhaa zikauzwa kwenye maduka ya Serikali. Shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipa vibarua wa reli. Kibarua alipokea mshahara, akaenda dukani, akanunua tochi ya Kichina, na shilingi yake ikarudi kuwa mshahara wa mwenzake. Mke wa fundi, bibi mwembamba mwenye sauti ya chini, alinimiminia chai kutoka kwenye chupa ya bati yenye maua mekundu yaliyopauka. Aliinunua kwa mshahara wa mumewe wa kwanza baada ya ndoa. Kioo cha ndani kimebadilishwa mara tatu, alisema, lakini bati ni lilelile. Chai ilikuwa ya moto hasa.

Ifakara nilikaa siku moja na nusu, na ningekaa zaidi kwa ajili ya wali tu. Kwetu wali bila nazi ni wali ambao haujamalizika kupikwa. Ifakara walinipa wali mweupe, mafuta kidogo na chumvi, na kabla sahani haijatua mezani harufu ilikuwa imefika. Mchele wenyewe unajitosheleza. Mamantilie alinicheka nilipoomba tui. "Huu ni wa Kilombero, kaka. Ukiutia nazi unausitiri uso wake." Juu yake aliweka kambale wa mchuzi, na pembeni chainizi iliyokaangwa na kitunguu. Nilimweleza niliyoyasikia Mang'ula kuhusu mboga ile, akasimama na mwiko mkononi. "Kwa hiyo ni Wachina kweli kweli?" Amekuwa akiiuza miaka kumi na mitano.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Asubuhi barabara zinajaa kengele, akina mama wamebeba mbao, vijana wamebeba magunia mawili ya mpunga nyuma na wanasukuma. Kwenye maduka ya soko kuu nilihesabu mpaka nikachoka: taa za sola, simu, kandambili, pampu za kumwagilia, mashine ndogo za kukoboa, pikipiki za matairi matatu. Karibu zote zimetoka China. Mwenye duka hununua Kariakoo, na anayemuuzia Kariakoo ana ndugu anayekwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Miaka ya sabini bidhaa ya Kichina ilifika hapa kwa makubaliano ya marais. Leo inafika kwa simu ya mfanyabiashara mwenye umri wa miaka ishirini na nane.

Kutoka huku, kwenda kwao, kinakwenda nini? Ufuta unakwenda, na tangu Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo. Ni jambo jema. Lakini ufuta unaondoka ukiwa mbegu kwenye gunia. Na ng'ambo ya daraja la Kivukoni, ukiendelea kupanda, unafika Mahenge, ambako milima imejaa kinywe, madini yanayotengenezewa betri za magari ya umeme. China ndiyo inayosafisha kinywe kingi cha dunia; Wakorea Kusini wa POSCO wamejiunga na mradi wa Waaustralia wa Mahenge ili nao wawe na chanzo chao. Mataifa makubwa yanakutana juu ya mlima mmoja wa Wapogoro. Nilipomwambia hivyo dereva wa lori aliyeshuka kutoka huko, akanijibu kwamba mataifa yakutane tu, ila barabara ya mlimani waitengeneze kwanza.

Bonde hili si geni kwa wageni. Waswisi walileta hospitali, na mwaka 1957 maabara yao ikaanza kuchunguza mbu na kupe. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa na Watanzania wenyewe. Nilifurahi kukuta kwamba kwenye suala la malaria Ifakara na China zimekutana kama wenzi. Dawa ya mseto tunayomeza imetokana na mmea wa Kichina ambao Tu Youyou alipewa kwa ajili yake tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kuanzia mwaka huohuo wataalamu wa Ifakara na wa China walifanya kazi pamoja Rufiji, kijiji kwa kijiji, wakipima na kutibu, Uingereza ikichangia. Hapo kila upande ulikuwa na kitu cha kumfundisha mwenzake. Mchina alikuja na ujuzi wa nchi iliyokuwa inaimaliza malaria. Mtanzania alikuwa na miaka sitini ya kumjua mbu wa hapa kwa tabia na saa zake.

Magharibi nikapanda treni kwenda Mlimba.

Kati ya Ifakara na Mlimba reli inafuata miguu ya mlima. Upande wa kulia Udzungwa ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Upande wa kushoto bonde lilibaki na mwanga, mashamba ya mpunga yaliyovunwa, moshi wa mabua, ng'ombe wa Wasukuma wakirudi kwa mstari mmoja. Vijiji hivi vingi vilipangwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ileile ya ujenzi, na kazi mojawapo waliyopewa wakazi ilikuwa kuilinda reli dhidi ya maadui wa kusini. Walipewa reli waichunge. Wao wakaigeuza soko.

Sijui kama kuna mhandisi aliyeliwazia jambo hili. Reli ilichorwa kwa ajili ya shaba. Lakini bonde ni la joto, lina mpunga na ndizi, na Makambako kule juu ni baridi, kuna viazi na maharage, na kati yao palikuwa na mlima. Wachina walipoutoboa mlima ule, madaraja 46 na mahandaki 18 kutoka Mlimba hadi Makambako, walifungua njia ya ndizi kukutana na kiazi. Treni ya vituo vyote iliyopita hapa, kutoka Kidatu hadi Makambako, watu waliipa jina la kipisi, na juu ya kipisi hicho maelfu ya akina mama wamejenga nyumba za bati.

Mmoja wao alipanda Mbingu. Kwanza iliingia mikungu, kupitia dirishani, mmoja baada ya mwingine, na sisi tuliokuwa ndani tukaipokea bila kuombwa. Kisha akaingia mwenyewe, akaihesabu kwa kuigusa gizani, saba, akaketi juu ya begi lake, akapumua. Mama wa miaka arobaini na kitu, kitenge kiunoni, simu imefungwa kwa mpira. Alianza biashara hii akiwa msichana, akimfuata mama yake, na mama yake alianza mwaka reli ilipofunguliwa. Ndizi anazipeleka Makambako. Akirudi anarudi na viazi. "Mlima huu ninaujua kwa masikio," alisema. "Nikiwa nimelala nahesabu mahandaki. Nikikosea moja naamka."

Nilimkumbuka fundi wa Mang'ula na nati yake.

Tulipita Mngeta. Aliniambia kwamba bibi yake alikuwa akiwauzia mboga Wakorea. Ni kweli: miaka ya themanini Korea Kaskazini iliingia ubia na Serikali kulima mpunga pale, wakaondoka, na mwaka 2008 wakaja wawekezaji wa Uingereza. Mashamba yale makubwa yamebadilisha lugha ya wenye nayo mara kadhaa. Wakulima wadogo wanaoyazunguka wapo walewale.

Behewa zima lilikuwa linazungumzia mkataba mpya. Septemba 2024, kwenye mkutano wa China na Afrika, Rais Samia na Rais Hichilema walisimama na Xi Jinping Beijing wakishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mwaka uliofuata kampuni ya CCECC ya China ikatia saini mkataba wa kuiendesha, miaka 30, dola bilioni 1.4. Haja ilikuwepo. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilishuka hadi tani 88,000 mwaka 2014/15. Na sababu ya haraka ya sasa nayo inajulikana: Wamarekani na Wazungu wanaisukuma reli ya Lobito, upande wa Angola, ili shaba na kobalti za Kongo na Zambia zitokee bahari ya Atlantiki. Shaba ileile. Zamani wakubwa hawakuona faida ya kumjengea mtu reli. Leo wanakimbizana kwa reli mbili.

Mama wa ndizi alikuwa ananisikiliza nikimweleza kijana wa jirani mambo haya: injini mpya, mabehewa, lengo la kupita tani milioni mbili.

"Hizo ni tani za nini?" aliuliza.

"Shaba, mama. Na mizigo mingine mikubwa."

"Basi hizo ni habari za shaba." Alinyamaza, akausogeza mkungu uliokuwa unamkandamiza mtoto wa abiria mwenzake. "Sisi mikungu yetu nani anaihesabu?"

Nimelibeba swali hilo mpaka nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike. Siogopi Wachina kurudi kwenye reli yao ya zamani. Ninachotaka, na nakitaka kwa moyo wote, ni kwamba wakubwa wetu wanapokaa mezani na mgeni yeyote, wa mashariki au magharibi, wawe na hesabu ya mikungu saba ya Mbingu mkononi, iliyoandikwa, yenye kurasa kama ile ya shaba. Mkopo wa 1967 haukutaja ndizi popote, lakini ulituachia treni inayosimama kila kituo na mafundi wanaosikia nati. Mwendeshaji wa miaka 30 anaweza kutuachia reli inayong'aa ambayo haisimami Mbingu. Hili si la Mchina kulikumbuka. Ni letu. Vivyo hivyo na spana: katika miaka hiyo 30 kuna kijana wa Mang'ula au wa Mlimba anayepaswa kusimama kando ya fundi wa kigeni, akifunga na kufungua mpaka jua lizame, na amjue kwa jina.

Tulifika Mlimba usiku. Kituo kilikuwa na taa mbili na watu wengi kuliko nilivyotazamia, na nje ya madirisha mikungu mingine ilikuwa imesimama kwenye mstari kama watoto wa shule. Nilishuka na begi langu. Mama alitoa kichwa dirishani.

"Kaka, nishikie ule, wa dada yangu. Inua. Hapo."

Niliinua. Utomvu ulinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilipomuuliza jina lake ili niliandike, alikataa kwa mkono.

"Andika tu muuza ndizi wa Mbingu. Wa njia hii watanijua."

Treni ikapiga honi, ikaanza kuupanda mlima kuelekea handaki la kwanza.